Aliyeifua Fulana ya Kayla

Mama,

Shikamoo. Barua za kwenu Ujiji zilikuwa zinaanza kwa kuulizana hali, hali ya huyu, hali ya yule, mpaka karatasi inafika nusu na habari yenyewe haijasemwa. Wewe hali yako siwezi kukuuliza, basi hapo naruka. Nina swali jingine. Limenikaa kooni wiki tatu kama mwiba wa samaki, wa mgebuka wa kwenu, na kwa kuwa wa kulijibu hayupo, nimeona nikuandikie hivyohivyo.

Habari za nyumbani kwanza, usije ukasema sina adabu. Tuko palepale Weston, ghorofa lilelile, lifti mbili na moja imekufa. Chumba chako nimehamia mimi. Mjukuu wako Salma katimiza miaka tisa mwezi wa sita. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, damu inanichemka, halafu nakumbuka kwamba mimi nilikufanyia hivyohivyo tangu tulipofika nchi hii ya theluji, na wewe ulikuwa unasema tu, "Nijibu kwa mdomo niliokupa mimi." Haya, nakujibu. Ukiona makosa uyasamehe.

Aliyenianzishia haya ni Doreen. Unamkumbuka Doreen wa ligi, yule bibi mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Amevuka miaka themanini na sauti haijapungua hata kidogo. Alinipigia simu akanipa pole upya ya msiba wako, kisha akaniambia kwamba korido ya uwanja wa barafu inapakwa rangi, na ligi imepewa ukuta mzima wa kuweka historia yake. Ile ligi yenu, Mama, ya hoki ya barafuni, ya mabinti wa mkoa wetu, tangu ilipoanza mpaka leo. Kutakuwa na picha, jezi za zamani na maelezo mafupi. Kipande kimoja cha ukuta ni cha akina mama waliowapokea nyumbani kwao wachezaji waliotoka mbali. Picha ya kwanza ni yako.

Nilifurahi, wallahi. Mpaka aliponisomea maelezo yatakayokaa chini ya picha: "Mama Zuhura, mzaliwa wa Tanzania, aliwapokea wachezaji wetu wanne. Ndiye aliyefua fulana ya bahati ya kipa wetu asubuhi ya fainali, na kombe likatuponyoka." Doreen akacheka mpaka akakohoa. Akasema hakuna kisa kinachopendwa kama hicho kwenye ligi nzima. Akaniuliza kama nina la kusahihisha, maana mwisho wa mwezi maandishi yanakwenda kuchapwa.

Nikamwambia sina.

Mama, nilisema sina! Nikakata simu, nikakaa sakafuni karibu na jiko kama niliyepigwa. Kwa sababu fulana ile hukuifua wewe. Niliifua mimi. Miaka kumi na minane wewe umeitwa mama aliyefua fulana, ukacheka nao, ukashika pua kuwachekesha, na mimi nimekaa kando nimekausha. Sasa wanataka kukubandika ukutani na kosa langu. Swali langu ni moja tu: ulijua?

Nikajiambia kabla sijafungua mdomo nichunguze. Si unanijua, nikiwa na hofu naanza kuulizauliza. Nikaenda kwa Doreen na chapati, nikamwambia nataka kuijua historia ya ligi. Nilikwenda mara tatu. Yule bibi akifunguka hafungiki, na mimi nilianza kwa unafiki nikaishia kunogewa kweli.

Ulijua kwamba Doreen mwenyewe alicheza akiwa mtoto kwa jina la kaka yake? Enzi hizo wasichana hawakuwa na timu. Nywele alizifungia ndani ya kofia, kwenye orodha ameandikwa jina la mvulana, na akafunga magoli mwaka mzima, mpaka siku moja kofia ikamvuka na mama mmoja jukwaani akapiga yowe kuona misuko miwili inaning'inia. Wakamtoa. Anasema alilia barabara nzima mpaka nyumbani, si kwa kutolewa, bali kwa sababu walimpokonya kaka yake magoli yake yote na kaka alikuwa ameshaanza kuyajivunia.

Alipokuwa mkubwa, yeye na wenzake wachache wakaianzisha hii ligi. Timu nne tu. Saa za barafu walipewa zile ambazo hakuna anayezitaka, alfajiri kabla ya jua, na nguo walibadilishia kwenye stoo linapoegeshwa lile gari la kulainisha barafu, wanatoka wananuka moshi. Timu yetu ya Weston ililipiwa jezi na mwenye duka la mikate, kwa hiyo wakavaa mkate mkubwa kifuani. Wapinzani wakiwaona tu wanaita, "Siagi! Siagi!" Doreen anayo bado ile jezi. Nimeishika. Mkate umeshonwa vizuri hata kwa ukoko wake.

Na huu utaratibu wa kupokea wachezaji, nao nikauliza umetoka wapi. Kulikuwa na binti wa kaskazini, baba yake akimleta kwa gari saa sita kwenda, saa sita kurudi, kila Jumamosi. Siku moja mama mmoja mtaani akamwona yule baba amelala kwenye usukani, mdomo wazi. Akamgongea kioo akamwambia, mwache huyu mtoto kwangu mpaka msimu uishe, kabla hujamwua na wewe ukafa. Toka hapo ikawa desturi. Ligi ikaandika na karatasi ya masharti: wampe chakula gani, alale mchana kabla ya mechi, na kadhalika. Nakumbuka ile karatasi ilivyokukasirisha. Ilisema siku ya mechi apewe makaroni. "Makaroni ni chakula cha mgonjwa," ulisema, ukamsongea Kayla ugali na maharage, na yule mtoto akasema hajawahi kusimama golini akiwa imara namna ile.

Sasa nilikuwa nimekaribia penyewe. Nikamwuliza Doreen: Mama yangu aliingiaje? Mwanamke wa Kigoma, barafu anayoijua ni ile ya kuuziwa kwenye mfuko, anakwenda kupata wapi kipa wa hoki? Na hili, Mama, hukuwahi kuniambia. Kumbe mama yake Doreen alikuwa kwenye ile nyumba ya wazee uliyofanya kazi. Ulikuwa unamgeuza kitandani, unampaka mafuta miguuni, na Doreen amesimama pembeni analalamika kwamba kuna mtoto anakuja kutoka mbali na hana pa kulala. Doreen anasema hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Kwangu chumba kipo."

Chumba kilichokuwepo kilikuwa changu.

Nilitoka shule Ijumaa moja nikakuta godoro langu chumbani kwako, chini, na kitandani kwangu limekaa begi kubwa kuliko mimi, linanuka. Kayla alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na sita. Hukuniuliza. Ulisema, "Mgeni huyu, mkaribishe," nikamkaribisha. Ningefanya nini?

Na wewe ukampenda. Usikatae. Ulinyamazisha ghorofa zima akilala mchana, ulikuwa unagonga mlango kwa mlango kuwaambia watu kipa amelala. Ulimwita "mwanangu" mbele yangu. Ulijifunza kupiga kelele kwenye baridi, "Kaba, Kayla, kaba!" mpaka jukwaa zima likawa linasema kaba bila kujua maana yake. Ile siku ya kuwashukuru akina mama, walipowatandikia zulia juu ya barafu, ulipita umefunga kanga juu ya koti umemshika mkono, unatembea kama mama wa bibi harusi. Wiki ileile tamasha la kwaya ya shule yangu lilikuja likapita na wewe ulikuwa zamu. Najua ulikuwa zamu. Wakati ule sikutaka kujua.

Halafu ikaja ile fulana. Timu ilianza kushinda mfululizo, na Kayla akaapa haifuliwi fulana ya ndani mpaka kombe. Doreen ananiambia wote ndivyo walivyo mpaka leo, kuna asiyeosha miguu, kuna anayekula mkate uleule, kuna timu nzima haikanyagi nembo iliyochorwa sakafuni. Sisi tulikuwa na fulana. Lo! Wiki ya tatu hata mlango ulikuwa unataka kukimbia. Wewe uliyefua hata matambara ya jikoni kwa sabuni ya mche ukayaanika kwa mstari, ulisimama mlangoni ukaniambia, "Zuhura, humo ndani kuna kitu kimekufa." Lakini ulimsikiliza Kayla alipokueleza mezani. Mkaafikiana: fulana haifuliwi, ila ilale kibarazani. Na baridi ile ya Februari! Asubuhi inakaa wima yenyewe kama ubao, Kayla anaikunja kwa goti.

Kwa hiyo mila ile ulikuwa unaijua, na mimi niliijua. Hapo ndipo nataka unisikilize, Mama. Watu wakisimulia wanasema mama wa Kiafrika hakujua, masikini, aliona nguo chafu akaifua. Aliyeifua alijua vizuri kabisa. Asubuhi ya fainali Kayla alikuwa amelala, wewe uko dukani. Niliichukua kibarazani nikashuka nayo kwenye mashine za chini ya jengo, nikatia kibao ile dawa yangu ya kunukisha nguo, ya harufu ya maua, nikaikausha kwenye mashine kwa moto wa juu. Nilijiambia namsaidia. Uongo. Nilitaka siku moja tu mambo yamwendee vibaya kama mimi.

Ilitoka mikono imepanda mpaka kiwiko, inanukia kama bibi harusi. Kayla alipoiona alipiga kelele nyumba ikatetemeka: nani kafanya hivi? Nilifungua mdomo, nakuapia nilifungua. Wewe ulikuwa unasonga ugali, hukugeuka hata. Ukasema kwa kile Kiingereza chako, "Mimi. Mimi nimefua. Ilinuka." Na mimi nikafunga mdomo.

Akaivaa hivyohivyo chini ya mavazi yake, na goli la mwisho likampita katikati ya miguu, muda wa nyongeza. Mengine unayajua.

Wiki iliyopita nikapiga moyo konde, nikamwomba Doreen namba ya Kayla. Anafundisha makipa sasa, ligi ileile, timu ya upande wa mashariki. Nilipanda basi mpaka huko nikamkuta anakusanya kwenye ndoo visahani, vile vya mpira wanavyopiga badala ya mpira, amenenepa kidogo, meno yaleyale. Alinikumbatia akanishikilia. Alisema hakuweza kuja mazikoni kwa sababu taarifa ilimfikia ukiwa umeshazikwa, na aliona ajabu jinsi tulivyokuzika upesi. Nikamweleza desturi yetu. Halafu, kwa kuwa nilijua nikikaa nitaogopa, nikamwambia nikiwa nimesimama: fulana ile niliifua mimi.

Akasema, "Najua."

Mama yangu! Nilitaka barafu inimeze. Akacheka akasema alijua palepale, siku ileile, kwa pua. Miezi sita umemfulia nguo nyingine zote kwa mkono, bafuni, kwa mche, zinatoka ngumu na zinanuka sabuni tupu. Hukuwahi kuigusa mashine ya chini, ulikuwa unasema inakula vifungo. Nguo yenye harufu ya maua ndani ya nyumba ile ilikuwa ya mtu mmoja, mimi. Nikamwuliza, basi mbona hukusema? Akaniambia alikuwa amekwisha kuvimba, anakuja kunivaa usiku uleule baada ya mechi, ukamwahi. Uliingia chumbani ukafunga mlango, ukakaa kitandani. Nimemfanya arudie maneno yako mara nne. Ulimwambia, "Kasirika na mimi. Zuhura mwache. Nilikupa chumba chake, sikumwuliza."

Basi. Ndiyo yote uliyosema. Anasema ulitoka ukamletea chai.

Kwa hiyo ulijua. Swali langu lilijibiwa pale, kati ya ndoo mbili za visahani, na badala ya kutulia nimepata mengine kumi. Kumbe ulipokuwa unashika pua kwenye mikutano ya ligi hukuwa unanifichia tu. Ulikuwa unaona ni haki yako kubeba. Kwa nini hukuniambia mimi mwenyewe, Mama? Maneno yaleyale uliyompa Kayla ungenipa mimi ningelia siku mbili na tungemaliza! Miaka kumi na minane tumekaa meza moja, wewe unangoja niseme, au mimi nangoja useme, sijui, na wote tunajua. Nimekukasirikia. Nimetoka pale nimekukasirikia mpaka nikapitiliza kituo cha basi. Halafu nikalia, watu wakanipisha kiti kama mgonjwa.

Ila pia, na hili nalisema wazi, nimefurahi. Nilidhani siku zile hukuniona. Uliniona.

Jana nikampigia Doreen. Nikamwambia ninalo la kusahihisha. Akateremsha sauti, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Kisha akaniuliza kama nimefikiri vizuri, maana kile kisa kimesimuliwa miaka mingi na watu wamekizoea vilevile. Nikamwambia Bibi Doreen, wewe walikuandika kwa jina la kaka yako, unajua inavyouma sifa yako ikienda kwa mwingine. Basi na kosa nalo lirudi kwa mwenyewe. Akacheka kwa ile sauti, akasema haya, sema naandika. Sasa chini ya picha yako patasomeka hivi: "Mama Zuhura, mzaliwa wa Ujiji, Tanzania, aliwapokea wachezaji wetu wanne. Fulana ya kipa aliifua binti yake, Zuhura, makusudi. Mama alijua akanyamaza." Doreen alitaka kuondoa "makusudi". Nimekataa.

Kabla hatujaagana akaniuliza, kwa ile njia yake ya kujifanya amekumbuka tu, kama bado kwetu kuna nafasi. Kuna binti wa miaka kumi na sita anakuja mwezi ujao kutoka kaskazini, kipa tena, na hana pa kulala. Mama, ulimi ulikuwa umeshaanza kusema chumba kipo. Nikaung'ata. Nikamwambia nitamrudia.

Nikamkuta Salma chumbani kwake anachora. Nikakaa chini, nikamweleza kila kitu: kuna mgeni, ni mkubwa kidogo, ana begi kubwa linalonuka, atakaa mpaka msimu uishe. Nikamwuliza kama yuko tayari kulala na mimi ampishe chumba. Alitia kalamu mdomoni. Kisha akatikisa kichwa, akaniambia hapana, hataki.

Mkono ulitaka kuonyesha kidole, unajua kile cha "mgeni huyu". Nikamwambia sawa, mwanangu, ni chumba chako.

Nimemrudia Doreen, nimemwambia binti aje. Atalala chumbani kwako, na mimi nitalala sebuleni kwenye kochi. Nakuahidi nitamsongea ugali, nitamwitia kaba, na nitawagongea watu milango akilala mchana. Na huyu wa kwangu nitakuwa namwuliza, Mama, hata ninapolijua jibu, hata ninapoliogopa.

Lala pema, mama yangu. Na mimi nimekusamehe chumba.

Mwanao,
Zuhura